Miaka Sita ya Kumngoja Mtoto wa Farasi

Jumamosi asubuhi duka la dawa za mifugo lilikuwa limefurika, na kila mtu ana haraka yake. Msusi alikuwa ameshaukamata mfuko wa mwisho wa chumvi ya farasi alipoona mkono wa mwanamume umeshika upande wa pili.

"Dada, naona tumependa kitu kimoja."

"Mimi nimekipenda mapema zaidi," Msusi akajibu, akavuta.

Alikuwa na gauni lake la kazini, la waridi, na chini yake buti za mpira zilizojaa matope. Yule bwana, daktari wa mifugo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kuliko kazi yake ilivyostahili, akacheka na kuachia mfuko. Kisha akaomba namba ya simu. Akapewa, tena bila kubembeleza sana. Nani alisema lazima mtu ajivute?

Siku za kazi Msusi alisuka nywele saluni kwake, ghorofani juu ya duka la viatu. Mwisho wa juma alikwenda nje ya mji kumpanda farasi wake jike, wakashiriki mbio za masafa marefu, zile za kutwa nzima, ambazo farasi hupimwa mapigo ya moyo kila kituo na aliyezidiwa huondolewa. Farasi mwenyewe aliitwa Shangazi, maana hakuna aliyewahi kumridhisha. Daktari alipelekwa kutambulishwa, akanuswa, akageuziwa mgongo.

"Amekukubali," Msusi akamwambia.

"Huku ndiko kukubaliwa?"

"Aliyekutangulia alipigwa teke."

Ila Shangazi umri ulikuwa unamtupa mkono. Msusi alitaka apandishwe dume zuri, azae, ili siku moja ampande mtoto mwenye damu ileile. Hata jina alishalichagua. Jioni moja, Daktari alipomaliza kumpima Shangazi, naye alimpima kwa muda mrefu, Msusi akauliza, "Haya mpenzi, tumzalishe? Mwaka wa mimba, mitano ya kukua, tunarudi mbioni."

Daktari alikuwa ananawa mikono. "Nunua farasi aliyekwisha kukua, kipenzi. Miaka sita yote ya nini?"

"Ni mingi kwako?"

Daktari akanyamaza. Kimya kile kilimkata Msusi maini, kwani ndani yake alisikia mwanamume asiyetaka kuahidi hata kesho kutwa. Tangu siku hiyo simu ikalia weee, hakuipokea.

"Taratibu, unaning'oa," mama yake alimwambia wiki iliyofuata, kichwa kikiwa mikononi mwa bintiye pale saluni. "Hasira za mwanamume zisiishie kichwani kwangu." Akataka kisa, akapewa chote. "Yaani umemuuliza kama farasi azae, ukataka akujibu kama atakuoa. Mwanangu, huyo ni daktari au mpiga ramli?"

Msusi akaweka kitana chini. Akamwacha mama na nusu ya kichwa, akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Nilidhani namba hii imekufa," Daktari alisema.

"Haijafa, ilinuna. Niambie ukweli, kwa nini ulinyamaza siku ile?"

Daktari akavuta pumzi. "Nyonga ya Shangazi ilivunjika zamani, kabla hujamnunua, ikaunga vibaya. Kukimbia anakimbia, lakini njia ya kuzalia imebana. Akibeba mimba tunaweza kumpoteza yeye, au mtoto, au wote. Na wewe ulishampa mtoto jina. Nikashindwa."

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Kweli, ilinipasa kukwambia. Nimekosa."

Msusi akaketi kwenye ngazi, watu wakimpita na mifuko yao. Machozi yakamtoka kwa ajili ya mtoto ambaye hatazaliwa.

"Basi hazai," akasema hatimaye. "Simtoi Shangazi kafara kwa ndoto zangu. Nitanunua mtoto wa farasi mwingine, aliyetoka kuachishwa ziwa, nimlee mwenyewe. Na bado itakuwa miaka mingi. Sasa nakuuliza waziwazi: utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Kama daktari wa farasi?"

"Kama mumeo, ukinikubali. Na huyo mtoto twende tukamchague pamoja."

"Ndiyo," Msusi akasema, kisha ikabidi aseme tena, maana ile ya kwanza ilimezwa na kilio.