Mluzi wa Nguzo ya Sita

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, bomba lililo chini ya tuta lilikuwa likitoa maji. Bwawa lenyewe lilikuwa kavu kwa mwezi wa tano sasa.

Mtunza bwawa, ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Ndoo, alisimama akatazama. Bwawa lile halikuwa la maji ya kunywa. Lilikuwa tuta la udongo lililopandishwa kukinga mafuriko yanayoshuka vilimani: mvua ikija linajaa, ikipita linaachia maji kidogo kidogo, kisha linakauka na ng'ombe wanalala ndani yake. Nyumba mia na ushee zilikuwa upande wa chini. Kila asubuhi alikinga ndoo ya lita kumi kwenye bomba linalotoa unyevu wa ndani ya tuta, akatazama saa, akaandika imejaa kwa sekunde ngapi. Kiangazi aliandika neno moja tu: kavu.

Siku hiyo ndoo ilijaa kwa sekunde sabini. Alitia mkono. Maji yalikuwa na joto la mwili, na yalinuka tumbaku.

Nyumbani mkewe alicheka.

"Jini wako kakojoa. Si ulisema anakaa hapo?"

"Usifanye mzaha."

"Mzaha ni wako, bwana wewe. Mimi nilisikiliza tu."

Ni kweli, jini alikuwa wake. Miaka sita nyuma wachungaji walikuwa wakipandisha ng'ombe juu ya tuta, na kwato zikimomonyoa udongo. Seng'enge iliyowekwa kuwazuia iliibwa mara mbili, zikabaki nguzo tu. Ndipo Bwana Ndoo akatangaza kwamba penye nguzo ya sita, juu ya bomba, pana jini, na atakayekanyaga hapo atapooza miguu. Watu walimcheka, kisha wakapitisha ng'ombe wao njia nyingine. Hakuna aliyemuuliza kwa nini alichagua nguzo ya sita.

Jumanne ndoo ilijaa kwa sekunde hamsini na tano, na maji yalikuwa mekundu. Bomba likitoa maji safi, tuta linapumua. Likitoa tope, tuta linaliwa kutoka ndani. Alimpigia simu injinia.

"Mzee, bwawa lina maji?"

"Halina."

"Sasa linavuja nini?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe uliyesoma."

"Nitakuja Ijumaa. Na ujikinge na jua, mzee wangu."

Alirudi bombani saa sita mchana, jua utosini, hakuna upepo wala ndege, akainama kuweka ndoo, na kutoka ndani ya bomba, kutoka mbali ndani yake, ukaja mluzi: mifupi miwili na mmoja mrefu, ukakatika, ukarudia, kama mtu anayekaribia kwake jioni na anataka wa ndani wajue.

Aliufahamu. Ulikuwa wa Sepetu, mchimbaji bora kuliko wote waliojenga lile tuta, mtu ambaye tumbaku haikumtoka mdomoni. Akitoka kazini alikuwa akiupiga kuanzia kona ya njia, ili mkewe aweke maji ya kuoga motoni. Mke huyo sasa alikuwa mke wa Bwana Ndoo. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Bwana Ndoo alijaribu kuuiga. Mkewe alimwambia anapuliza kama birika lililotoboka, na asirudie tena.

Miaka tisa iliyopita Sepetu alikuwa ndani ya handaki akilaza bomba hilohilo, na kingo za handaki zikamwangukia. Bwana Ndoo wakati huo alikuwa dereva wa mashine ya kushindilia. Mafundi wengine walikuwa wamekwenda kula. Walibaki watatu: aliyefukiwa, dereva na msimamizi.

"Mvua zimebakiza siku nne," msimamizi alisema. "Tukimfukua, upande wote huu unaporomoka. Kuna watu kule chini."

"Na huyu?"

"Huyu keshakufa. Panda mashine."

Kila tabaka la udongo lilishindiliwa mara nane. Ndiyo ilikuwa kanuni. Mara ya pili, katikati ya ngurumo ya injini, mdomo wa bomba ulitoa mluzi. Dereva alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa akitazama mawingu. Dereva akaenda ya tatu, na hakusimama mpaka ya nane.

Jioni alitumwa kwa mke wa Sepetu na maneno ya kupewa: nimemwona akipanda lori na begi lake. La kuwapo mwanamke ndani ya lori aliliongeza mwenyewe. Yule mke alisubiri miaka miwili, na kwa miaka hiyo Bwana Ndoo alimpasulia kuni na kumzibia paa.

Jumatano alimleta mganga. Alikuwa mama wa makamo anayeshona sare za shule, na alikuja na futi ya kitambaa shingoni. Alifukiza ubani kwenye bomba, akalaza sikio, akakaa hivyo mpaka kaa la moto likafa.

"Jini yupo," alisema. "Zamani hakuwapo. Ulimjengea nyumba kwa mdomo wako, siku moja akapita, akaona mlango una jina lake, akaingia. Ndani kakuta mtu. Kampa pumzi."

"Mtoe, mama."

"Nimtoe nani? Jini au mtu?"

Bwana Ndoo aliokota lile kaa akalitupa mbali.

"Jini nikimwambia atoke, atatoka leo. Mwenzake hatoki mpaka mkewe aambiwe aliko, na aambiwe na wewe. Halafu anachimba, baba. Si ndiyo ilikuwa kazi yake? Mvua zikikuta hajasikilizwa, hilo tuta litakuwa ganda la yai."

"Mke wangu ataondoka."

"Ataondoka kwa miguu yake. Wale wa chini wataondoka na maji."

Alikunja futi yake akaenda zake.

Jioni hiyo Bwana Ndoo alifanya jambo ambalo kwa miaka tisa alikuwa akiwakataza wengine. Alisokota gunia, akalipaka saruji, akalisukuma ndani ya bomba kwa mti mpaka likakwama. Bomba la tuta halizibwi. Maji yaliyokatazwa mlango hutafuta dirisha, hata watoto wa kijiji kile walilijua hilo, maana yeye ndiye aliyewafundisha. Lakini mluzi ulikoma, akaenda kulala.

Alhamisi alfajiri alikanyaga sakafu ya chumba akakuta imelowa, si yote, upande wa mkewe tu, na harufu ya tumbaku imejaa chumbani kana kwamba mtu amekaa hapo tangu jana akivuta, na mkewe hayupo kitandani, na chini ya saruji ya sakafu, taratibu, ukipita kutoka ukuta wa mlangoni kuja miguuni pake, mluzi ulikuwa ukipiga miwili mifupi na mmoja mrefu.

Mkewe alikuwa jikoni mbele ya moto.

"Maji nimeweka," alisema bila kugeuka. "Nimefungua mlango, hakuna mtu. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Walitembea mpaka kwenye tuta. Penye nguzo ya sita alimweleza. Alieleza vibaya, akianza na mvua, akirudi kwa msimamizi, akitaja nyumba za chini. Mkewe alimkatiza.

"Mlipita mara ngapi?"

"Nane."

"Na ulimsikia ya ngapi?"

Alitazama viatu vyake.

"Ya pili."

Mwanamke aliinama akagusa udongo wa tuta.

"Miaka miwili nilikuwa nikimlaani," alisema. "Kila nikiinama kufagia. Zibua."

"Mvua zi karibu, mke wangu. Nikichimba..."

"Nimesema zibua. Avute pumzi."

Alichukua jembe. Alichimba kutoka chini ya tuta kufuata bomba, udongo mkavu kwanza, kisha wa unyevu, kisha wa joto, mpaka penye kiungo cha bomba, akakiachanisha, ikambidi alale kifudifudi na kuingiza kichwa na mabega shimoni. Gunia lilikuwa limehama, halikuwa pale alipolikwamisha, lilikuwa ndani zaidi, kama lililovutwa. Alinyoosha mkono akalishika, naye akahisi upande wa pili linashikwa, akapiga kelele, na udongo wa juu ukashuka wote kwa pamoja, bila haraka, kama blanketi.

Hakufa. Mdomo wake ulikuwa kwenye mdomo wa bomba, na bomba lilikuwa na hewa, hewa ya tumbaku. Alisikia hatua za mkewe juu yake. Zilikwenda kwenye kibanda cha vifaa, zikarudi. Alisubiri kusikia jembe. Alichosikia ni shindilio la mkono, lile la chuma alilolitumia kuziba mashimo ya panya, likitua juu ya mgongo wake. Likainuliwa.

Alihesabu. Mara ya pili alikusanya midomo akapuliza kwa nguvu zake zote, miwili mifupi na mmoja mrefu.

Shindilio likatua mara ya tatu.

Ijumaa, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, injinia alifika. Bomba lilikuwa kavu. Alikuta chini ya nguzo ya sita udongo mpya, akaukanyaga kwa kisigino, akasema umeshindiliwa vizuri. Aliuliza alipo mzee. Mkewe alimjibu kwamba jana alimwona akipanda lori na begi lake. Injinia aliandika hivyo, akamwomba mama ashike ndoo mpaka apatikane mtu mwingine.

Mvua zilianza Jumatatu. Bwawa lilijaa kwa siku mbili, tuta likahimili, na hakuna nyumba iliyoingia maji. Jumatano, saa kumi na mbili na robo asubuhi, ndoo ilijaa kwa sekunde themanini. Daftari la siku hiyo, kwa mwandiko wa mwanamke, linasema maji yalikuwa safi. Chini yake ameongeza mstari mmoja: miluzi miwili, wa pili kama birika lililotoboka.