Umeme Ulioelekea Kisanga

Lori lilinuka unga wa mtama, ingawa lilikuwa limeoshwa asubuhi ileile. Fundi Beda hakuwa na nafasi ya kushangaa. Mkewe Siwema alikuwa na uchungu tangu jana, na mkunga alishasema ni hospitali ya Kilosa au kaburi. Gari la kijiji cha ujamaa lilikuwa hilo moja, tena limegoma.

Akachukua taa ya kupimia, kibalbu chenye nyaya mbili. Mmoja akaubana kwenye bodi, wa pili akaugusisha kwenye betri. Ikawaka. Kwenye swichi, ikawaka. Kwenye stata, giza. Akabadilisha waya wa stata; sasa stata ina umeme, swichi haina. Akakaza, akasugua, akatukana. Fundi wa miaka kumi na miwili anachezewa kama limbukeni!

Wanaume wakaja kusukuma. Pua ya lori ilipogeukia Kisanga, kijiji chao cha zamani walikohamishwa, taa ya kupimia aliyoiacha kwenye stata ikawaka. Wakaligeuzia Kilosa, ikazimika. Walipolirudisha tena, springi za kiti cha abiria zikalia taratibu, kama za mtu mzito anayejiweka vizuri, na hapakuwa na mtu, na Beda akasisimkwa mwili kwa sababu alimjua aliyekikalia mwisho.

Alikuwa Bibi Sikuzani. Siku ya kuhamishwa kutoka Kisanga alishika bakuli la unga wa mtama wa tambiko, aende kuwaaga wazee wake makaburini. Beda, aliyekuwa akiliendesha lori na mwenye haraka ya safari ya pili, alimpandisha kwa nguvu, unga ukamwagika. Bibi alikata roho njiani, kwenye kiti hicho.

Mwanawe, Mwinshehe, alisogea akanong'ona: "Mama hajaaga. Zungumza naye wewe uliyemkatiza."

Beda akakigeukia kiti kitupu. "Shikamoo, bibi. Nimekosa. Niachie nimfikishe Siwema, kesho nitakurudisha ukaage."

Lori likawaka.

Siwema alijifungua salama, mtoto wa kike. Lakini kesho yake mwenyekiti alikataa katakata: kwenye mahame harudi mtu, na dizeli ni ya kazi za kijiji. Beda alibembeleza mpaka sauti ikakauka.

Mtoto alilia siku mbili, hashiki titi. Siku ya tatu Siwema, hoi kwa uchovu, akamlaza uso ukielekea Kisanga. Mtoto akanyamaza, akanyonya. Beda akamgeuza polepole upande wa Kilosa, na mtoto akaacha kupumua. Akamrudisha upesi, pumzi ikarudi, na tangu hapo hakuna anayethubutu kumgeuza.