Pindo Bichi

Jua lilikuwa linazama nilipofunga kibanda changu cha mitumba na kwenda kwa mdogo wangu. Shemeji alikuwa amenipigia simu. Huwa ananikumbuka akiwa na shida tu. Mkewe, huyo mdogo wangu, alikuwa hoi kitandani, hali wala hanywi, na daktari haoni ugonjwa. Asubuhi aliyoanguka alikutwa na skafu shingoni ambayo hakuna aliyeijua. Shemeji aliamini mkewe amerogwa. Alitaka nimwambie skafu imeshonwa na nani, na ni ya lini, amjue mbaya wao.

Kazi hiyo ya kuisoma nguo kwa mishono yake naiweza. Ndiyo inayonilisha.

Niliisogeza skafu dirishani, penye mwanga uliobaki. Hariri nzito, nyekundu ya kuiva, mikunjo imepauka. Haikuwa na lebo hata ya maelekezo ya kufua, na lebo hizo ni mambo ya juzi. Nikamwambia shemeji kitambaa hiki kimetuzidi umri sisi sote.

Kisha nikagusa pindo.

Lilikuwa bichi.

Wanaoviringisha pindo la hariri kwa mkono hulamba vidole ili kitambaa kishike. Nikanusa. Karafuu...

Mama alikuwa akitafuna karafuu kila akishona.

Nikaisogeza karibu na macho. Mishono midogo, yote imelalia upande mmoja, kwa sababu mama alitumia mkono wa kushoto. Singeweza kukosea. Mdogo wangu alifundishwa kushona akiwa amepakatwa. Mimi niliambiwa mikono yangu ni ya kubeba ndoo. Basi nikajifunza kwa wizi: mama akitoka, nafumua kazi zake nione zilivyoshikana. Mama alishakufa, tukamzika, na uchungu ule haukuzikwa naye.

"Ni ya nani?" shemeji alinong'ona.

"Ya mama."

Alinitazama kama niliyepungukiwa na akili. "Ya lini?"

Pande tatu za skafu zilikuwa zimekamilika. Upande wa nne ulibaki wazi kidogo tu, pembeni, uzi ukining'inia. Nilikuwa nautazama uzi huo ulipojivuta.

Tsss...

Mshono mmoja ukaongezeka. Kitandani, pumzi ya mdogo wangu ikakatika, ikarudi kwa shida.

"Ya leo," nikasema.

Sikungoja. Nilichomoa pini kwenye kilemba changu nikaanza kufumua. Kila mshono ulioachia, kifua cha mdogo wangu kilipanda. Nilifumua mpaka vidole vikauma. Akakohoa, akaomba maji. Shemeji akakaa sakafuni akilia.

Tulijaribu kuichoma ile skafu. Moto uligusa ncha tu, mgonjwa akapiga ukelele, tukauzima kwa mikono. Tukaitupa jalalani. Tuliporudi ilikuwa shingoni mwake.

Basi kila jioni naenda. Mama anashona mchana kutwa, mimi nafumua. Majirani wananisifu: ona dada anavyompenda mdogo wake. Acha waseme. Nampenda, ndiyo, lakini kuna jioni nafumua huku wivu unanikaba. Mama kafa, kaoza, na bado kamchagua yeye.

Jana nilikuwa katikati ya kazi mdogo wangu aliponishika mkono. Macho alikuwa ameyafumba. Pumzi yake ilinuka karafuu.

"Dada... mama amechoka na wewe."

"Najua."

"Anasema ukizidi kumharibia kazi, ataanza kushona skafu yako." Aligeuza sikio, kama anayesikiliza mtu. "Anauliza unapenda rangi gani."

Shemeji alinitikisia kichwa kutoka mlangoni, nisijibu. Mtu yeyote mwenye akili zake angenyamaza, na mimi nilijua hivyo. Lakini mama hakuwahi kunishonea kitu, hata kitambaa cha kufutia pua. Hakuwahi kuniuliza ninachopenda.

"Buluu," nikasema.