Naisula Hakutaka Kuhesabu

Kila Jumamosi Waceke na mamake walifika kliniki kabla vumbi la Kitengela halijaamka. Waceke alipiga deki, akapanga mabenchi, kisha akaketi mezani na daftari. Mamake alikuwa muuguzi, na humo ndani hata Waceke alimwita Sista, kama watu wote. Waceke mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, alijiona muuguzi tayari. Kilichobaki ni yunifomu tu.

Siku hiyo kulikuwa na neti za mbu za kugawa.

"Muulize kila mzazi jina na idadi ya watoto," Sista alimwagiza. "Na mtoto mwenye joto jingi mlete kwangu kwanza."

Kazi rahisi! Maundu, muuza kuku, alisema ana watatu. Evalyne wa saluni akasema, "Wawili, na baba yao wa tatu!" Foleni nzima ikacheka. Kisha akaja mama kijana aliyejifunga shuka, amebeba mvulana aliyelegea kama sukuma wiki ya jana.

"Jina?"

"Naisula. Tumetoka Isinya. Mtoto anachemka."

"Una watoto wangapi?"

Naisula akatazama sakafu. "Wako."

"Wangapi?"

"Wako tu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini daftari halijui!" Waceke akapaza sauti. "Kwani wewe huwajui watoto wako?"

Watu wakacheka tena. Naisula hakucheka.

"Haya, kaa mwisho kule mpaka ukumbuke."

Waceke alipoinua macho baadaye, Naisula hakuwepo.

"Yule mtoto aliyelegea yuko wapi?" Sista aliuliza mlangoni.

"Mamake amekataa kujibu, Mama... Sista. Nimemuuliza vile nimewauliza wote!"

Sista hakungoja amalize. Walitoka mbio, wakamkuta Naisula kando ya barabara akingoja gari la kurudi Isinya. Macho ya mtoto yalikuwa yamefumbwa nusu. Waceke aliogopa, tena alichanganyikiwa. Swali dogo vile linawezaje kumfukuza mtu?

"Takwenya," Sista alisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Naisula akaitika kwa sauti ya chini.

"Pole kwa yaliyotokea, dada. Huyu anaitwa nani?"

"Metito."

"Na walio nyumbani?"

Uso wa Naisula ukafunguka. "Naisenya. Na Austin."

Sista aliandika majina hayo kiganjani, bila kutaja idadi yoyote. Kisha akampokea Metito, wakarudi. Kipimo cha damu kikaonyesha malaria, na dawa zikaanza papo hapo.

Naisula alipokwisha kuondoka na neti zake, Waceke aliuliza, "Kwani nilikosea wapi? Nilimuuliza sawa na wengine!"

"Kwao, kuhesabu watoto kwa sauti ni kama kuwaitia mabaya. Wewe uliona ni ujinga. Na nyanya yako, Cucu, ulipohesabu mbuzi wake kwa kidole, alikufanya nini?"

Waceke akapapasa sikio. Lilikuwa bado linakumbuka.

"Basi, hata kwetu yapo," Sista akasema. "Mgonjwa akishindwa na swali lako, tafuta njia nyingine ya kuuliza. Usimpeleke mwisho. Foleni hii si mtihani wa shule, kwamba aliyejibu ndiye anayepita. Metito angefika Isinya bila dawa, sijui kama angerudi."

Waceke akavuta daftari, akanakili majina kutoka kiganja cha Sista.

Jumamosi iliyofuata Naisula alirudi. Metito alikuja kwa miguu yake mwenyewe.

"Nisamehe, mama Metito," Waceke akasema. "Nilikufanya uchekwe mbele ya watu."

Kabla Naisula hajajibu, Metito alisogea akainamisha kichwa mbele ya meza. Waceke akageuka kutafuta mzee aliyesimama nyuma yake. Ukuta mtupu!

"Mguse kichwani," Naisula akacheka. "Mdogo anamsalimu mkubwa."

"Mkubwa? Mimi?"

Waceke akaweka mkono. Kichwa kilikuwa kimepoa kabisa.

"Sasa umeanza kujifunza uuguzi," Sista akasema kutoka mlangoni. "Sikiliza watu kwanza. Yunifomu itafuata."