Sensa Si Mwizi

Watu wa Nyakitonto, na ninyi wa Kagerankanda mnaopita hapa na mizigo, hili nalisema mchana na kwa sauti. Nimechoka kwenda misibani na kusikia "ni mapenzi ya Mungu" ikitoka vinywani mwa watu walioshika bisibisi.

Mnaijua nyumba ya Ndayikeza, ile yenye migomba mbele na banda la maharage nyuma. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye yeye, leo ni raia kama mimi, na kwa jembe ananishinda. Yeye na mkewe Maximilla walilima misimu mingi ndipo wakanunua gari. Siku za kawaida lilibeba magunia kwenda Kasulu. Siku ya ugonjwa lilibeba mtu yeyote, hata wale waliokuwa wakiwaita "wakimbizi" kisogoni.

Asubuhi kwao ilikuwa tamu. Ukungu umelala bondeni, Maximilla anapuliza moto jikoni, Ndayikeza anawasha gari, nalo linapiga mluzi mwembamba kwa muda kidogo kisha linatulia. Binti yao Elieth, aliyekuwa amerudi kwa wazazi kusubiri kujifungua, alikuwa akicheka: "Baba, mwenzio ameamka, anadai chai."

Mimba ya Elieth ilikuwa ya kuangaliwa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na kliniki walishamwambia: usijaribu kuzalia nyumbani, uchungu ukianza ni hospitali ya Kasulu moja kwa moja. Nyumba nzima ililitegemea gari lile kwa ajili ya siku hiyo.

Asubuhi moja mluzi haukusikika. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, ya njano, na kwenye mlima gari likagoma kuvuta.

Ndayikeza akalipeleka mjini Kasulu kwa fundi Brighton. Huyu ana ile mashine ya kuchomeka chini ya usukani ikasoma ugonjwa. Akachomeka. Kioo kikaandika mstari mzima wa Kiingereza. Brighton akasoma neno la kwanza, akaizima mashine.

"Secondary. Mzee wangu, secondary ni ya pili. Sensa ya pili, kile kidude cha kupima, imekufa, hii ya kwenye bomba la moshi."

"Una hakika, fundi?"

"Mashine imesema. Utabishana na mashine?"

Sensa ya pili ikang'olewa, ikawekwa nyingine, taa ikafutwa kwa mashine ileile. Gari likavuta. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa wa asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na baridi yetu ya huku juu mnaijua. Kulipokucha, taa hiyo hapo. Akarudi. Ikafutwa, ikawaka tena. Safari hii Brighton akasema mafuta machafu. Safari nyingine akasema, "Mzee, unazidisha magunia, ndiyo maana halivuti." Mwishowe akakata kipande cha tepu nyeusi, akabandika juu ya taa. "Sasa haitakusumbua."

Msishangae kana kwamba hamjui tepu hiyo. Ingieni kwenye magari yenu mtazame.

Maximilla hakuridhika. "Baba Elieth, kile kilichokuwa kikipiga mluzi kiko wapi?"

"Oya, hapana, mama. Fundi amesema gari ni zima."

"Fundi haishi na gari. Sisi ndio tunaishi nalo."

Mume hakurudi kwa fundi, kwa sababu tumefundishwa kwamba mwenye mashine hajibiwi.

Uchungu wa Elieth ukaanza kulipopambazuka, ukungu bado mzito, injini baridi kama jiwe la mtoni. Walipofika kwenye mlima gari likaanza kutambaa. Ndayikeza anakanyaga mafuta mpaka chini, gari linaguna, haliendi. Maximilla akashuka akapiga yowe. Watu wakatoka mashambani na majembe yao, wakasukuma. Walisukuma mpaka mlima ukaisha.

Elieth alifika hospitali akiwa hai, na yuko hai. Mtoto hakukutwa hai. Kovu la zamani la kupasuliwa lilikuwa limeachia njiani.

Baada ya matanga Maximilla hakukaa nyumbani kulia. Alimwambia mumewe awashe gari, wakaenda hadi kwa Brighton, wakaliegesha katikati ya geti la gereji. Hatoki mtu, haingii mtu.

Brighton akaja anafuta mikono. "Mama, pole sana. Nilikuwa nimepanga kuwaletea mbuzi."

"Mbuzi mle wenyewe. Lete mashine."

Dereva mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Tuondoleeni gari! Hawa wa kambini nao siku hizi mafundi!"

Maximilla hakugeuka. "Kitambulisho changu na chako vimechapwa na serikali moja. Ukitaka kupita, nikanyage." Kisha akamgeukia Brighton: "Shule ya secondary ulimaliza?"

"Nilimaliza, mama."

"Basi neno hilo lisikushinde leo. Soma mpaka mwisho, na utuambie kwa Kiswahili."

Watu wakacheka, kisha wakasogea karibu. Brighton akasoma polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. "Secondary air... siyo 'ya pili', ni hewa ya ziada. Inayopulizwa. Sensa ya... mgandamizo wa hewa ya ziada." Akainua macho. "Mama, hii siyo sensa niliyobadilisha."

"Endelea."

"Kuna pampu ndogo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi inapuliza hewa safi kwenye njia ya moshi. Ndiyo inayopiga mluzi. Sensa inapima kama hewa inakuja. Isipokuja, kompyuta ya gari inainyima injini nguvu."

"Umeshasema. Sasa pima, usiguse kingine."

Akafungua boneti. Akapima nyaya za sensa: umeme upo. Akapuliza kwenye sensa yenyewe, mashine ikaonyesha namba inapanda: nzima. Akaigusisha pampu moja kwa moja kwenye betri: kimya. Akaifungua. Ndani maji ya kutu, imeganda kama sufuria iliyosahauliwa mvuani.

"Kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli," Maximilla akasema. "Siku zote hizo."

"Ilikuwa inasema kweli, mama."

"Na wewe ukaiziba macho."

Brighton akainamisha kichwa. Hakupewa nafasi ya kupumzika hapo. Maximilla alimwamuru azunguke magari yote ya pale na kubandua tepu alizobandika kwa mikono yake. Akabandua. Taa za njano zikatokea moja baada ya nyingine. Na mnajua wenye magari walifanya nini? Walimkasirikia mama!

Saady, anayebeba abiria wa Kibondo, aliyekuwa ameegesha nje ya geti abiria wakiwa ndani, ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Mama, mambo ya msiba wako usituletee. Fundi, rudisha tepu yangu, nina abiria."

Maximilla akasimama mbele ya gari lake. "Wamo wangapi wenye mimba?"

Saady akawasha injini, akapiga honi. Mama hakusogea. Ndipo ndani ya gari mwanamke mmoja akafungua mlango, akateremka na mtoto wake. Akafuata mzee. Wakateremka wote, na Saady akabaki na viti vitupu. Alikaa akiushika usukani. Kisha akazima, akashuka, akafungua boneti mwenyewe. "Haya, fundi. Anza kupima."

FUNZO

Nina kumbukumbu ndefu. Nakumbuka mashine ya kusaga ya ushirika: kijana mmoja alisema inalia vibaya, akafukuzwa yeye, mashine ikabaki mpaka ikapasuka. Nakumbuka mama aliyesema kisima kinanuka, akaitwa mchochezi, na kuhara kukaja.

Sensa si mwizi, ni shahidi. Ukimsikia shahidi anapiga kelele, usimpige yeye. Nenda ukamtazame anayemwonyesha. Anayetaja ugonjwa si yeye aliyeuleta. Fundi, soma mstari mzima kabla hujashika spana. Mwenye gari, dai upimaji kabla ya kubadilisha, na usiogope mashine ya mtu. Na wewe abiria, ukiona tepu kwenye dashibodi, shuka.

Wataniita mchochezi kwa haya. Waniite.