Kipande cha Roland

Kinanda hakikulia pale kilipopaswa kulia. Bi Edna Tunnicliffe akaweka chini kikombe chake cha chai.

"Maureen, mwanangu," alimwambia binti yake, "kaka yako kaenda wapi?"

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana, sahani zenye mabaki ya nyama ya kuokwa zingali mezani. Santuri iliyokuwa ikipigwa ilikuwa mpya. Bi Edna aliikuta dukani karibu na sabuni za kufulia, moja ya zile santuri za bei chee zinazozoa nyimbo za zamani za bendi na kuzivika jalada la ovyo. Jalada hili lilikuwa na msichana na farasi, ambao hakuna mwanabendi aliyepata kuwatia machoni. Lakini nyimbo zilikuwa za Mnara wa Zebaki, bendi ya mwanawe Roland na wenzake, watu waliopenda nyimbo ndefu kuliko mahubiri ya Pasaka.

Roland alifariki gari la bendi lilipopinduka wakirudi kutoka Leeds. Katika wimbo wao mrefu kuliko zote, wenzake hunyamaza katikati wakamwachia yeye kinanda peke yake, naye hukipiga kama alivyofundishwa na mama yake kanisani akiwa mdogo. Makelele mengine Bi Edna hakuyaelewa, alikuwa akiyavumilia tu mpaka mwanawe aingie. Santuri ya kwanza yenye wimbo huo aliipiga hata ikachakaa, sindano ikawa inateleza juu yake, na madukani haikupatikana tena. Ndiyo maana aliikimbilia hii.

Lakini kwenye hii mwimbaji alimaliza, na palepale gitaa likadaka, likaendelea na safari yake kana kwamba Roland hakuzaliwa.

Mpiga gitaa mwenyewe alikuwa mezani. Huyo ni Trevor, mume wa Maureen. Alikuwa akikizungusha kiazi kwenye sahani yake.

"Ni ile kampuni, mama," alisema. "Wamekata ili nyimbo zienee. Upande mmoja wa santuri haubebi kila kitu. Mimi hata sikuulizwa."

"Mbona gitaa lako limeenea?"

Trevor akacheka kidogo. "Bahati tu, mama."

Maureen alimwamini. Trevor na Roland walikuwa marafiki tangu wakivaa kaptula za shule, na siku ya mazishi Trevor ndiye aliyelitanguliza bega lake chini ya jeneza. Usipomwamini mtu kama huyo, utamwamini nani?

Jumapili iliyofuata Bi Edna aliiweka tena ile santuri. Sindano ilipofika mahali palipokatwa, harufu ndiyo iliyoingia kwanza, harufu ya beberu aliyenyeshewa na mvua. Maureen aliijua. Roland alikuwa na koti la ngozi ya mbuzi kutoka Afghanistan, na kila likilowa walimfukuza nalo jikoni. Alizikwa nalo.

Kisha santuri ikaacha kuzunguka. Saa ya ukutani ikanyamaza. Birika lililokuwa likichemka likatulia, na moto chini yake unawaka. Katika chumba cha mbele, ambamo hamkuwa na chombo chochote cha muziki, kinanda kikaanza kulia.

Bi Edna alifumba macho akatabasamu. Trevor alijishika koo. Mdomo wake ulifunguka kama wa samaki, lakini pumzi haikuingia wala kutoka, mpaka kinanda kilipokatika na birika likachemka tena.

Maureen aliivunja santuri akaitupa kwenye pipa la taka. Jumapili iliyofuata kinanda kililia bila santuri. Tena kilikwenda mbali zaidi kuliko mara ya kwanza, na midomo ya Trevor ikawa ya samawati. Hapo ndipo Maureen alipokwenda kumwita Bi Gladys Shufflebotham, mwanamke wa kanisa la wanaozungumza na wafu, anayesifika mji mzima.

Jumapili ya baadaye Bi Gladys alifika na mkoba wake na pakiti ya biskuti, akaketi mezani kama mgeni yeyote. Harufu ya beberu ilipoingia, aliacha kutafuna.

"Huyu hakupotea njia," alinong'ona. "Kaja kwa mtu. Anataka aliyemkata aseme kwa kinywa chake."

"Ni kampuni!" Trevor alisema, na kinanda kikaanza.

Safari hii hakikulia chumba cha mbele, bali kililia mle mle walimokuwa, chini ya meza, ndani ya kabati la vyombo, ndani ya meno yao, na baridi ikapanda kutoka sakafuni ikawashika magotini, na Trevor akateleza kutoka kitini huku akijikuna shingo kana kwamba kuna utepe umemzunguka, mpaka akapiga magoti mbele ya mkewe akayatoa maneno kwa punje ya pumzi iliyombakia.

"Waliniita mimi... Ilikuwa nafasi ya kipande kimoja. Gitaa langu au kinanda chake. Wakanipa wembe... nikaukata mwenyewe ule utepe wa kurekodia, nikakitoa kinanda chake. Yeye keshakufa, Maureen! Mimi bado natafuta kazi!"

Maureen aliumia kuliko alivyoumia makaburini. Kule alichukuliwa kaka na barabara, na barabara haina urafiki na mtu. Huyu alikula chakula cha mama yao kila Jumapili, akamtazama mama akingoja, akasema bahati tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, naye alikuwa amelala nacho kitanda kimoja.

"Sasa mtu wa damu yake amwambie aende," Bi Gladys alisema, mkoba wake keshaukumbatia. "Mimi siwezi, si ndugu yangu. Upesi, binti! Kipande chenyewe ni kirefu, na huyu hana pumzi ya kukifikia mwisho."

Trevor alishika upindo wa gauni la mkewe. Macho yake yalimtoka. Maureen akafungua kinywa.

"Roland," alisema, "kaka yangu..."

Kinanda kilikuwa kimeshuka, kinalia taratibu, laini, kama kule kanisani alipokuwa mdogo na miguu haifiki chini. Machozi yalikuwa yakimtiririka Bi Edna mashavuni. Aliinua kidole bila kufumbua macho.

"Sss," alisema. "Mwache amalize."

Maureen alimtazama mama yake. Kisha akaitazama ile mikono iliyoshika gauni lake, mikono iliyoshika wembe. Aliibandua kidole kimoja kimoja, akavuta kiti, akaketi karibu na mama yake kusikiliza.