Sauti Iliyofutwa Kwenye Faili

Mchana ule hakuna aliyegusa kompyuta, lakini yenyewe ilimwuliza mtoto: "Pipi, mbona umekonda?"

Baba yake, mtunga programu, alikuwa jikoni anaosha vyombo. Sahani ilimponyoka. Sauti ilikuwa ya marehemu mkewe, na hilo si jambo lililomshtua. Mkewe, naye wa kazi hiyohiyo, alipozidiwa na ugonjwa alimtungia binti yao moduli, kipande kidogo cha programu chenye sauti yake. Pipi akiandika "mama", inamjibu, "Umekula, mwanangu?" Basi. Hakurekodi neno jingine.

Tena kabla ya kufa aliifuta mwenyewe. Alisema hataki mtoto alelewe na mzimu. Mume aliitikia, ila alijua kompyuta ikishapakia moduli huishika kichwani. Hata ukifuta kitu kwenye faili na kupakia upya, cha zamani hakiondoki mpaka ufunge kikao chenyewe, yaani uizime programu nzima inayoendelea. Na aliyekwisha kuchukua kitu kutoka moduli ile hubaki nacho, hata upakie upya mara ngapi. Basi hakukifunga kikao. Alinunua betri kubwa, umeme ukikatika usimwondolee mke mara ya pili, na kila jioni aliketi na Pipi wakaliwazwa na swali lile moja.

Sasa maswali yaliongezeka. Kibodi ikaanza kunuka udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo. Pipi akakataa chakula, akasema mama ameshamlisha, na baba alipomfuta midomo kitambaa kilitoka na tope, na usiku na mchana sauti ikawa inamwimbia mtoto chinichini, ikimwita asogee, asogee zaidi, mpaka shavu lake likawa limegusa kioo, baridi, na macho hayapepesi.

Dada wa yule baba alipoona hivyo alimleta mganga, mama mmoja mpole asiye na mbwembwe. Alinusa kibodi, akavuta kiti.

"Mkeo alikwenda zake, baba," alinong'ona. "Ulimwachia kiti wazi, mwingine amekikalia."

"Nikifunga sitamsikia tena."

"Hutamsikia. Lakini mtoto utabaki naye."

Baba aliweka kidole kwenye kitufe cha kufunga. Sauti ikamwita taratibu, kama zamani alipochelewa kulala, "Baba Pipi, utanizika mara ngapi?" Alifunga huku machozi yakimdondoka kwenye kibodi.

Kimya. Harufu ikatoweka. Mganga akaaga, dada akamsindikiza. Mtunga programu alifungua kikao kipya, akaandika "mama". Kompyuta ikajibu kwamba haijui jina hilo. Ndipo alipolia kwa sauti, bila haya, kilio ambacho hakukilia hata makaburini, maana siku ile alikuwa na pa kurudi.

Mkono mdogo ukamgusa bega. Pipi alikuwa amesimama nyuma yake, rangi imemrudi usoni, anatabasamu. Alipofungua kinywa, udongo mbichi ukanuka chumba kizima.

"Baba Pipi," alisema kwa sauti ya mama yake, "umekula?"

Alijua anapaswa kupiga kelele, kumkimbilia mganga ambaye hajafika mbali. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Kisha akamvuta kifuani, akafumba macho.

"Bado, mke wangu," akajibu.